Bega lililoumia baada ya chanjo Marekani: fidia ipo, ila ina muda wake

NesiWaZamu (mtoa uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko Marekani, hasa wanaofanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za kutunzia wazee, ambako baridi ikikaribia lazima uchanjwe mafua ndipo uendelee kupangiwa zamu. Nimechoka kukutana na watu wanaojipaka dawa ya kuchua mwaka mzima, mkono haupandi, ukiwauliza wanakwambia "ni ile sindano tu, itapoa yenyewe". Wakija kusikia kwamba kuna fidia, muda umeshawapita. Inaniuma sana.

Kwanza tatizo lenyewe. Chanjo nyingi za watu wazima huchomwa kwenye ule msuli mnene wa juu ya mkono. Mahali pake ni vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, ile unayoigusa ukipapasa pembeni. Mchomaji akipanda juu mno, dawa haikai kwenye msuli. Inaingia kwenye kifuko cha majimaji kinacholainisha bega, au kwenye kano zilizo karibu, na kinga ya mwili inaishambulia humo humo ndani. Uvimbe unaotokea si yale maumivu ya kawaida ya siku mbili tatu ambayo kila aliyechanjwa anayajua. Mtu anashindwa kufunga sidiria kwa nyuma, kuvaa koti, kufikia kabati la juu, kulalia upande ule. Wengine bega linaganda kabisa. Wamarekani wanaita SIRVA, kifupisho cha jeraha la bega linalotokana na namna chanjo ilivyochomwa. Mwaka 2010 madaktari waliokuwa wakipitia madai ya fidia walichapisha visa 13 vya namna hii, na tangu tarehe 21 Machi 2017 jeraha hili limo rasmi kwenye Jedwali la Majeraha ya Chanjo la serikali.

Langu lilitokea kazini. Foleni ndefu, mchomaji amesimama, mimi nimekaa. Badala ya kunikunja mkono wa sare hadi juu, akanivuta kola ikashuka begani, akachoma pale palipoonekana, yaani juu kabisa. Ukivutwa kola kinachofunuliwa ni kichwa cha bega, msuli wenyewe unabaki umefunikwa. Usiku ule ule nikashindwa kulala. Wiki iliyofuata nilikuwa nikimgeuza mzee kitandani kwa mkono mmoja.

Fidia inatoka wapi? Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya majeraha ya chanjo, na mpango wenyewe, unaoitwa VICP, ukaanza Oktoba 1988. Kila dozi ya chanjo inayohusika inalipiwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga. Chanjo ya mafua ni senti 75, ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela ni dola 2.25. Fedha hizo zinaingia kwenye mfuko maalumu, na humo ndimo unamolipwa. Mwajiri wako hashitakiwi, nesi aliyekuchoma hashitakiwi. Mlalamikiwa ni Waziri wa Afya, anatetewa na mawakili wa Wizara ya Sheria, na kesi inasikilizwa na mahakimu maalumu wa Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliyoko Washington. Huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote.

Ili bega lako liingie kwenye Jedwali, wanatazama mambo manne. Bega lile halikuwa na maumivu wala ugonjwa kabla ya chanjo. Maumivu yalianza ndani ya saa 48. Maumivu na kukaza kumebaki kwenye bega lile lile lililochomwa. Na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo, kama vile mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Juu ya hayo, athari ziwe zimeendelea zaidi ya miezi sita, au uwe umelazwa na kufanyiwa upasuaji. Ombi lazima lifike mahakamani ndani ya miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Kwa bega, dalili ya kwanza ni siku ile ile au kesho yake, kwa hiyo usianze kuhesabu pale daktari alipokupa jina la ugonjwa.

Nenda kwa daktari mapema, na useme wazi kwamba maumivu yalianza na chanjo. Kesi nyingi za watu wetu zinakufia hapo. Ukifika mapokezi unapewa fomu yenye swali "maumivu yalianza lini?" Mtu amechoka, ametoka zamu mbili, anaandika "kama mwezi hivi", wakati chanjo ilikuwa miezi mitatu nyuma. Mstari ule mmoja wakili wa serikali atausoma kabla ya kitu kingine chochote. Andika tarehe ya chanjo. Andika "usiku ule ule". Andika bega gani.

KijanaWaPwani

Dada, nakuheshimu, lakini huoni kama uzi huu utawatia watu hofu wakatae chanjo? Huku mitandaoni tayari maneno ni mengi.

NesiWaZamu

Kaka, nimeuguza wazee waliokufa kwa mafua. Msimu uliofuata nilichanjwa tena, mkono wa kulia. Nilikunja shati hadi juu, mchomaji akakaa tukawa usawa mmoja, nikamwonyesha kwa kidole mahali pa kuchoma. Sikuumwa zaidi ya siku moja. Dawa haikuwa na shida, shida ilikuwa mahali sindano ilipoingia. Sheria hii yenyewe ilitungwa ili chanjo ziendelee kupatikana. Miaka ya themanini kesi zilikuwa zimewaelemea watengenezaji hata wakaanza kuacha kutengeneza, ndipo serikali ikaona ni haki mtu anayeumia kwa ajili ya kinga ya wote alipwe na wote. Anayeficha majeraha kwa kisingizio cha kulinda chanjo ndiye anayewapa nguvu wazushi.

Mzee Kitunda

Binti yangu, nimesoma yote. Mimi bega langu liliharibika kwa chanjo ya korona, mwaka 2021, huku Texas. Daktari aliandika kila kitu. Nianzie wapi?

NesiWaZamu

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Jibu la swali lako ni gumu. Chanjo za korona hazimo kwenye VICP. Zinaangukia mpango mwingine, CICP, uliotokana na sheria ya dharura ya mwaka 2005. Kule ombi linatakiwa ndani ya mwaka mmoja tu tangu siku ya kuchanjwa. Hakuna hakimu, wanaoamua ni maofisa wa Wizara ya Afya. Hawalipi chochote kwa ajili ya maumivu, hawamlipi wakili, na matibabu na mshahara wanalipa tu ile sehemu ambayo bima na wengine hawakulipa. Kwa chanjo ya 2021 mlango huo umefungwa.

Naliona jambo hili kuwa dhuluma na nitalisema popote. Watu wawili, sindano ya urefu uleule, kosa lilelile la kuchoma juu, mmoja ana mahakama na miaka mitatu, mwenzake ana fomu na mwaka mmoja ambao hakuna aliyemwambia kwamba unahesabiwa. Ila mzee, nikuulize: siku ile ulichomwa korona peke yake, au na mafua pia kwenye mkono ule ule? Kama kulikuwa na ya mafua, hali yake ni tofauti, ingawa kwa miaka iliyopita hata hiyo imeshachelewa.

Mzee Kitunda

Marahaba. Ilikuwa korona peke yake. Basi, nashukuru kwa kunieleza ukweli. Mke wangu alichanjwa mkanda wa jeshi mwezi wa tatu, naye analalamika bega. Huyo je?

Karani wa Sheria

Shikamoo mzee. Niingilie hapo, maana nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili wanaoshughulika na madai haya. Chanjo ya mkanda wa jeshi haimo. VICP inashughulika na chanjo zinazopendekezwa rasmi kwa watoto au kwa wajawazito na ambazo zimewekewa ile kodi ya senti 75. Mtu mzima akichanjwa mojawapo ya hizo analindwa vilevile: mafua ya msimu, pepopunda pamoja na dondakoo na kifaduro, homa ya ini A na B, surua, tetekuwanga, HPV (ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi), uti wa mgongo, na ile chanjo ya nimonia ya aina ya konjugeti. Mkanda wa jeshi ni ya wakubwa, iko nje. Homa ya manjano na taifodi, ambazo ndugu zetu wanachanjwa wakitaka kusafiri nyumbani, nazo ziko nje. Kwa mama, njia iliyobaki ni madai ya kawaida ya uzembe kwenye mahakama za jimbo, na huko lazima uthibitishe kosa la mchomaji. Azungumze na wakili wa Texas mapema, kwa sababu muda wa huko ni mfupi zaidi.

Mtu wa Uvira

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Mama yangu alipoenda kwa daktari wa uhamiaji kwa ajili ya kadi ya kijani, alichomwa chanjo kadhaa siku moja, mikono yote miwili. Tangu hapo mkono wa kuume haupandi, hata kitambaa cha kichwa namfunga mimi. Ninaogopa tukilalamika watatunyima kadi. Na mama hajui Kiingereza hata kidogo.

NesiWaZamu

Kaka, mpe mama pole kutoka kwangu. Sheria inachotaka ni kwamba chanjo ilichomwa ndani ya Marekani. Uraia haumo kwenye masharti. Mkimbizi, mwenye viza ya kazi, mwanafunzi, wote wanaweza kuwasilisha ombi. Fedha hii ni fidia, haihesabiki kama msaada wa ustawi wa jamii. Lakini kwa amani ya moyo wako, muulize wakili wa uhamiaji kabla ya kuanza. Mashirika yanayopokea wakimbizi mara nyingi yanaye wa bure.

Chanjo za kadi ya kijani karibu zote ziko kwenye orodha aliyoitoa Karani. Mwombe daktari yule nakala ya rekodi ya chanjo, maana ile fomu ya uhamiaji hupewa kwenye bahasha iliyofungwa na hairuhusiwi kufunguliwa. Rekodi iseme chanjo ipi iliingia mkono upi. Hapo ndipo kila kitu kitakapotegemea, kwa sababu mikono yote ilichomwa.

Na kuhusu lugha: hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Sema "tunataka mkalimani wa Kiswahili" unapopiga simu ya kuweka miadi. Usikubali mjukuu wa miaka kumi atafsiri. Mtoto atasema "bibi anaumwa mkono", na kwenye rekodi hapatakuwa na bega, hapatakuwa na chanjo, hapatakuwa na tarehe.

Mtu wa Uvira

Mungu akubariki. Kesho napiga simu kliniki.

dadaLulu

Mimi nimepata wakili lakini ananiambia nikishinda anachukua theluthi. Ndiyo kawaida ya Marekani au vipi?

Karani wa Sheria

Dada Lulu, kwenye ajali za magari ndiyo kawaida. Kwenye VICP ni marufuku. Malipo ya wakili yanaamuliwa na hakimu maalumu na yanatoka kwenye mfuko, kando na fidia yako. Wakili hawezi kukutoza hata senti juu ya hapo. Hata ukishindwa, analipwa, mradi ombi lilikuwa la nia njema na lenye msingi. Kwa hiyo huyo anayetaka theluthi ama haijui mahakama hii au anajua na anakudanganya. Mwache. Mahakama yenyewe ina orodha ya mawakili waliosajiliwa kwa kesi za chanjo kwenye tovuti yake. Wakili si lazima awe wa jimbo lako, na safari za Washington hazihitajiki. Mambo mengi yanakwenda kwa karatasi na simu.

Kuhusu kiasi, kwa vile mtauliza: sheria imeweka ukomo wa dola 250,000 kwa maumivu na mateso. Mabega machache sana yanafika huko. Wasiofanyiwa upasuaji wengi hupata makumi ya maelfu, waliopasuliwa mara nyingi hupita laki moja. Mshahara uliopotea na gharama za matibabu ambazo bima haikulipa zinaongezwa juu yake. Kama Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ndiyo iliyokutibu, jimbo litadai sehemu yake irudishwe. Na kuweni na subira, mahakimu maalumu ni wanane tu kwa nchi nzima, na zaidi ya nusu ya madai ya miaka ya karibuni ni ya mabega. Miaka miwili mitatu ni jambo la kawaida.

Jambo jingine ambalo watu hulijua wakishachelewa: uamuzi wa hakimu unawekwa hadharani, jina lako na historia ya ugonjwa vikiwemo. Una siku 14 za kuomba taarifa fulani zifichwe. Mwambie wakili wako mapema kama hutaki wifi zako wasome.

Halima wa Leicester

Hamjambo. Huku Uingereza afadhali yenu. Tuna mpango wa tangu mwaka 1979, unalipa pauni 120,000 kwa mkupuo, na korona imo. Lakini lazima ulemavu wako upimwe ufike asilimia 60. Bega moja litafikaje huko? Mume wangu anaendesha basi, alikaa nyumbani miezi mingi, na hakuna tulichopata.

Mdau wa Morogoro

Na sisi tulioko nyumbani? Au fidia ni ya wazungu?

NesiWaZamu

Halima, pole yako na ya shemeji. Sharti la asilimia 60 limewekwa kwa watu walioangamia kabisa, na katikati pale watu wengi wanaumia bila kuonekana.

Mdau, wakati wa korona ulikuwepo mpango wa fidia wa COVAX, ule ushirika wa kimataifa wa kugawa chanjo za korona, kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Tanzania na Kenya zikiwemo. Ulihusu chanjo zilizokuja kwa njia hiyo tu, na ulilipa kwa kifo au ulemavu wa kudumu. Kwa sindano ya kawaida ya kliniki, njia ni kutoa taarifa kituoni ili iandikwe kama maudhi baada ya chanjo, na ukiona kuna uzembe umtafute wakili. Toa taarifa hata kama hutarajii fedha. Muuguzi anayechoma juu ataendelea kuchoma juu mpaka mtu amwambie.

BabaWaWatatu

Dada Nesi, mimi nilianza mazoezi ya tiba kwa mtaalamu, nikaacha mwezi wa nne tangu nichanjwe kwa sababu kila nikienda natoa dola arobaini mfukoni na kazi haziniruhusu. Bega bado halijapona. Nimejiharibia?

NesiWaZamu

Hujajiharibia, ila rudi kwa daktari haraka. Serikali ikiona rekodi zimekatika mwezi wa nne, itasema ulipona kabla ya miezi sita. Huhitaji kulipia mazoezi mengi. Ukienda kwa daktari wako wa kawaida, hata kama ni kwa ajili ya presha, mwambie bega bado, aandike unaweza kuinua mkono hadi wapi. Mweleze pia kwa nini uliacha mazoezi, gharama na zamu, aandike hivyo. Hakimu ni mtu anayeelewa kwamba masikini anakatisha matibabu, lakini lazima akute limeandikwa. Na kama mwajiri ndiye aliyekulazimisha kuchanjwa, uliza pia bima ya ajali kazini, kwa baadhi ya majimbo wanalipa matibabu. VICP itatoa tu yale ambayo bima hiyo haikulipa.

MamaNeema

Naombeni msaada wa haraka. Mimi miaka mitatu inatimia mwezi ujao. Nilichanjwa mafua kwenye duka la dawa, bega langu bovu ni la kushoto, na juzi nimepata karatasi ya chanjo inasema RD. Nimeishiwa nguvu kabisa.

Karani wa Sheria

Mama Neema, usikate tamaa. RD ni msuli wa bega la kulia, LD ni wa kushoto. Makosa ya namna hii yapo mengi, maana mara nyingine kompyuta inajaza upande mmoja yenyewe au mchomaji anabonyeza kabla hata hajaona utakaa upande gani. Mahakimu wanalijua jambo hili na wameshawahi kuamini mgonjwa dhidi ya karatasi pale ushahidi mwingine ulipokubaliana naye. Unachohitaji ni hicho kingine. Rekodi ya kwanza kabisa ya daktari inasema bega gani? Uliwahi kumtumia mtu ujumbe siku zile ukilalamika? Una picha yenye plasta mkononi? Nani alikuona jioni ile nyumbani? Huyo ataandika maelezo ya kiapo.

Kuhusu muda, kinachohesabika ni siku ombi linapopokelewa mahakamani. Siku uliyoongea na wakili haihesabiki. Ombi linaweza kuingizwa na karatasi chache ulizonazo, rekodi nyingine zikafuata. Ada ya mahakama ni dola mia nne na kidogo, mara nyingi wakili anaitanguliza na inarudishwa kwenye gharama. Jumatatu asubuhi piga simu kwa mawakili watatu wa kwenye ile orodha ya mahakama, na sentensi ya kwanza unayotamka iwe tarehe ya chanjo yako na kwamba muda unaisha mwezi ujao. Wakikwambia watakupigia wiki ijayo, piga kwa mwingine.

MamaNeema

Rekodi ya kwanza ya daktari inasema kushoto. Na dada yangu nilimtumia sauti kwenye WhatsApp usiku ule, bado anayo.

Karani wa Sheria

Mwambie asiifute, na asibadilishe simu kabla haijahifadhiwa mahali pengine ikiwa na tarehe yake. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze namna ya kuomba rekodi za daktari leo hii, usisubiri wakili ndiye aziombe.